Pedi za bure shuleni: tuige sheria ya Kenya, ya Scotland, ya California, au tutoe kodi tu?

Kwenye kikao cha kamati ya shule mwezi uliopita mjumbe mmoja kasimama akasema tumwandikie diwani, halmashauri itunge sheria ndogo ya pedi za bure, ukumbi mzima makofi, halafu mwenyekiti akauliza swali moja tu: sheria gani? Maana Kenya wanayo, Wazungu wanayo, na sisi wenyewe Tanzania tulishajaribu la kodi likagoma. Kimya. Na kwa kuwa mimi ndo nilikuwa napiga makofi kwa nguvu kuliko wote nikatumwa nikasome nirudi na majibu. Nayaweka hapa ili na nyie wenye kamati zenu msihangaike kuanza upya.

Kwanza tuelewane maneno. Kenya wanaita sodo, serikali yetu kwenye makaratasi inaandika taulo za kike, mtaani ni pedi. Nitasema pedi.

Na sitapima hizi sheria kwa uzuri wa maneno yake, maana zote zimeandikwa vizuri ukizisoma unaweza kulia. Nitapima kwa swali moja. Ni Jumanne saa nne asubuhi, binti wa form two yuko darasani, anahisi kimetokea na hakutegemea. Pedi iko wapi, na ili aipate amwambie nani?

Nauliza hivyo kwa sababu shule niliyosoma mimi pedi zilikuwepo. Kabisa. Maboksi mawili stoo, yaliletwa na wafadhili, tukapigwa nayo picha. Ila ufunguo alikuwa nao matroni, na siku yangu ilipofika matroni alikuwa kwenye semina, kwa hiyo nilifunga sweta kiunoni nikakaa hivyo mpaka kengele ya kutoka. Na nyie mnajua, joto lile la pwani mtu akifunga sweta kiunoni shule nzima imeshaelewa.

KENYA: serikali kuu inanunua, shule inapokea

Hii ndo ya karibu na ndo ambayo wengi kwenye kamati walikuwa wanaisikia. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alisaini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, na elimu ya msingi kwa Kenya inakwenda mpaka sekondari, sio darasa la saba tu. Sheria inasema serikali ina wajibu wa kumpa pedi za bure, za kutosha na zenye ubora kila msichana aliyesajiliwa shule ya umma na aliyeshavunja ungo, na pia iweke njia salama ya kuzitupa isiyoharibu mazingira. Hicho kipande cha mwisho mimi nimekipenda sana, maana wengi wanaongelea kugawa tu, hawakumbuki kwamba pedi ikishatumika lazima iende mahali, na vyoo vyetu vya shimo vinajaa na kuziba kwa sababu hiyohiyo.

Uzuri wake ni kwamba inalenga pedi za mwezi mzima. Binti anapewa pakiti anaenda nayo nyumbani, ana uhakika mpaka usiku na mpaka wikiendi. Na neno "za kutosha" limeandikwa kabisa kwenye sheria.

Shida zinaanzia hapohapo. Mzigo ni wa serikali kuu, kwa hiyo kuna tenda, kuna bohari, kuna lori, kuna ofisi ya elimu ya wilaya ndogo, ndipo shule. Kazi yenyewe imehamahama, ilianza wizara ya elimu ikahamia idara ya jinsia, na baadaye ikaangukia kwenye ule mfuko wa serikali kuu unaoitwa NGAAF, ambao wawakilishi wa wanawake wa kaunti ndo wanaousimamia. Kila ikihama anayetakiwa kuulizwa anabadilika. Mwalimu mkuu akiulizwa anasema hazijafika, wilaya inasema hazijashuka, na juu wanasema zimeshatoka. Na ikishakuwa mikononi mwa wanasiasa pedi inakuwa na siku ya kugawiwa, na jukwaa, na picha. Hedhi haisubiri jukwaa.

Halafu hela. Piga hesabu na mimi, chukua shilingi nusu bilioni za Kenya, ndo kiasi cha bajeti zilizokuwa zinatajwa miaka ya mwanzo, gawanya kwa pakiti ya shilingi 50, unapata pakiti milioni 10. Zinasikika nyingi. Ila wasichana wa kupewa wako kwenye mamilioni, kwa hiyo kila mmoja anaambulia pakiti chache kwa mwaka mzima, na mwaka una miezi 12. Hapo sijahesabu usafiri.

Na hili ni dogo ila linanikera, "aliyeshavunja ungo". Nani anaandika hayo majina? Mwalimu anapita darasani anauliza mikono juu? Ukigawa kwa orodha lazima kuwe na orodha, na kuwa kwenye orodha yenyewe ni kutangazwa. Na ambaye hayuko shule, au yuko shule ya binafsi ya uswahilini ile ya ada ya bei chee, hayumo.

Septemba 2019, miaka miwili baada ya sheria, kule Bomet binti wa miaka 14 alijiua baada ya kudhalilishwa na mwalimu darasani kwa sababu alichafuka, hayo ni maelezo ya mama yake. Wabunge wanawake wakaandamana mpaka wizarani kuuliza sheria iko wapi. Na Februari 2023 seneta Gloria Orwoba akaingia bungeni Nairobi na suruali nyeupe ina doa, akaambiwa atoke akabadilishe. Yaani sheria ipo miaka sita na doa bado linamtoa mtu nje ya Seneti. Ndo maana nasema usiangalie tu kama ipo.

SCOTLAND: kila halmashauri, kila anayehitaji

Hawa ndo wa kwanza duniani kuifanya iwe haki ya kila mtu na sio ya mwanafunzi peke yake. Walianza kidogokidogo, 2018 serikali yao ikatoa pauni milioni 5.2 pedi ziwe bure shuleni, vyuoni na vyuo vikuu, bila sheria bado. Wakaona inawezekana. Ndipo mbunge wao Monica Lennon akapeleka muswada, ukapita 24 Novemba 2020 kwa kura 121 na ya kupinga hata moja hamna, na ikaanza kazi rasmi 15 Agosti 2022.

Ukisoma inavyofanya kazi utaona kaandika mtu aliyewahi kubanwa. Wajibu hawakumpa waziri, wamepewa halmashauri na shule na vyuo, kila mmoja kwenye eneo lake. Inataka mambo matatu, zipatikane kwa urahisi, zipatikane kwa stara, na kuwe na aina za kuchagua, sio lazima uchukue ile iliyobaki. Mtu anaweza kumchukulia mwenzake. Na kila halmashauri lazima iwaulize watumiaji kwanza wanataka ziwekwe wapi kisha iandike mpango wake hadharani, kwa hiyo ukifika maktaba, ukumbi wa michezo, ofisi za halmashauri, zipo, unachukua unaondoka. Mpaka kuna programu ya simu, PickupMyPeriod, inakuonyesha sehemu ya karibu yenye pedi. Hamna orodha, hamna anayekuuliza umevunja ungo lini.

Gharama walikadiria kama pauni milioni 8.7 kwa mwaka, nchi ya watu milioni tano na kitu. Hapo ndo wengi kwenye kamati yetu wataguna, na wana haki.

Hawakukosa vituko pia. Agosti hiyohiyo 2022 eneo moja kule likaajiri afisa wa kusimamia mambo ya hedhi, akawa mwanaume, dunia nzima ikacheka, na kazi yenyewe ikafutwa. Mimi wala sikuona tatizo kubwa, fundi wa bomba si lazima awe bomba, ila ndo siasa.

Linganisha na majirani zao England, kisiwa kimoja, na utaelewa kwa nini hayo maneno ya wajibu yana maana. England toka Januari 2020 shule za serikali zinaweza kuagiza pedi bure, serikali inalipa. Zinaweza. Mwalimu mkuu akiona tabu kuagiza basi hamna pedi na hajavunja kitu. Kwa Scotland zisipowekwa sheria imevunjwa. Tofauti ni hiyo tu.

Kwa swali langu la Jumanne saa nne Scotland inapata alama zote. Kwa mfuko wetu, hapana, labda kipande.

CALIFORNIA: kisanduku chooni na namba ya simu ukutani

Hii hamna aliyeitaja kwenye kikao na ndo imenishangaza. Oktoba 2021 gavana Gavin Newsom alisaini sheria kwamba shule zote za umma kuanzia darasa la 6 mpaka la 12 lazima ziwe na pedi muda wote, chooni, bure, na baadaye wakashusha mpaka darasa la 3, kitu ambacho ni sahihi kabisa maana siku hizi wapo wanaoanza na miaka tisa. Ziwe kwenye vyoo vyote vya wasichana na angalau choo kimoja cha wavulana, hili la mwisho ndo Wamarekani wanagombania sana, Minnesota nao walipopitisha ya kwao iliyoanza Januari 2024 gavana Tim Walz akapewa na jina la utani. Sisi huko tusiende, tuna vyoo visivyo na milango kwanza.

Kitu nilichopenda ni tangazo. Sheria inataka kila choo kinachotakiwa kuwa na pedi kiwe na tangazo ukutani linaloonekana, na kwenye hilo tangazo iwepo simu na barua pepe ya mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha haziishi. Mtu mmoja. Sio wizara, sio kamati. Zikiisha unajua nani wa kumpigia, na yeye anajua kwamba unajua. Hiyo karatasi ni ya shilingi mia mbili, nakala na gundi, na ndo kitu ambacho Kenya na bajeti yote ile kinawapa shida.

Udhaifu wake ni kwamba ni pedi za dharura. Binti anachukua moja au mbili anarudi darasani. Nyumbani akifika usiku inakuwa juu yake, likizo ndo kabisa. Kwa familia ambayo pedi ni kuchagua kati yake na unga, kisanduku cha chooni hakijamaliza tatizo. New York nao jiji lao toka 2016 wanaweka mashuleni na kwenye makazi ya wasio na nyumba na magereza, upana mzuri, ila falsafa ni ileile, unachukua ukiwa pale.

KUTOA KODI: sisi wenyewe

Hapa sina haja ya kwenda mbali. Bajeti ya 2018 waziri wa fedha wa wakati huo, Mpango, akafuta VAT kwenye pedi, tukashangilia, bei dukani ikabaki palepale, na Juni 2019 akairudisha akisema wafanyabiashara hawakushusha. Tukalia sana, lakini fanyeni hesabu. Pakiti ya 2,000 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake, kodi ni kama 305. Ukiitoa inabaki 1,695. Nani mtaani kwenu anauza kitu 1,695? Mangi anakwambia 2,000 bwana, chenji hana. Na kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui, kodi ikiwa ya msamaha mwenye kiwanda hakutozi wewe ila ile VAT aliyolipa yeye kwenye pamba na plastiki na umeme hawezi kudai arudishiwe, kwa hiyo anaiweka kwenye bei. Ikiwa ni asilimia sifuri ndo anarudishiwa. Kwenye magazeti maneno hayo mawili yanaandikwa kama kitu kimoja, dukani sio kimoja hata kidogo.

Kenya walitoa VAT toka 2004, wanasemwa ni wa kwanza duniani. Na miaka 13 baadaye bado waliona wanahitaji sheria ya kugawa bure. Na 2024 wakataka kuweka tozo ya mazingira iliyokuwa iguse na pedi za kutoka nje, ule muswada wa fedha uliowatoa vijana barabarani mpaka ukaondolewa. Yaani kodi inatolewa kwa mlango huu inarudi kwa jina lingine kwa mlango ule.

Sisemi kodi ibaki, itoke, na itoke kwa namna ya sifuri. Ila aliye na binti asiye na hata mia hajasaidiwa na punguzo la mia tatu. Na isitoshe halmashauri haina mamlaka na VAT, kwa hiyo mjumbe wetu aliyeng'ang'ania hilo, mama, tunakuheshimu, ila barua ya diwani haifiki huko.

Kuna na njia ya ahadi tu. Uganda kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016 Rais Museveni aliahidi pedi kwa wanafunzi, 2017 waziri wa elimu, ambaye ni mke wake, akaliambia bunge hela hamna. Mwanaharakati Stella Nyanzi akaanza kuchangisha mwenyewe na kugawa, na maneno aliyoyaandika kipindi hicho yakamfikisha rumande. New Zealand kwa upande mwingine hawana sheria, wana mpango tu, Jacinda Ardern, waziri mkuu wao wa wakati huo, alitangaza na toka Juni 2021 shule zikaanza kupata, na umeenda vizuri. Kwa hiyo inawezekana bila sheria ukiwa na serikali ambayo ikisema kesho ni kesho.

SASA HELA ZETU

Hapa ndo uamuzi ulipo. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ni 25,000 kwa mwaka, ya msingi 10,000. Pedi kwa binti mmoja, pakiti moja kwa mwezi kwa 2,000, ni 24,000 kwa mwaka, na kuna wanaohitaji pakiti mbili. Umeona? Ukiandika "za kutosha" kama Kenya halafu ukaiachia shule, umekula karibu ruzuku yote ya huyo binti, chaki hamna. Shule yetu ina wasichana kama 300, hiyo ni milioni 7 na laki 2. Hatuna, na diwani hana, na tukiiandika hivyo itakuwa karatasi nzuri.

Lakini ya dharura? Nimekadiria wasichana 30 kwa mwezi wanakutwa hawajajiandaa, kila mmoja pedi mbili, ni pedi 60, pakiti ya nane nane ni kama pakiti 8, elfu 16 kwa mwezi, kwa miezi kumi ya masomo laki moja na elfu 60. Hiyo kamati inaweza bila kumsubiri mtu. Hata tukikosea nusu kwa nusu bado inawezekana.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nachagua hivi. Shule yenye mfuko mdogo iige California kwa umbo lake, wajibu ni wa shule, pedi ni za dharura, kuna jina ukutani. Kisanduku chooni kwetu hakiwezi, mlango hamna na mvua inaingia, kwa hiyo kiwe darasani nyuma kabatini au kwa viranja wa kike wawili, popote ambapo binti hapiti kwa mwalimu wa kiume na hapiti kwenye ufunguo wa mtu mmoja. Halmashauri yenye mapato ya ndani mazuri, za mijini mnajijua, ichukue kipande cha Scotland, zahanati na stendi na soko, kwa sababu mama muuza mboga anayekaa kibandani toka saa kumi na moja alfajiri hajawahi kutajwa na sheria yoyote ya shule. Na mstari wa Kenya, "za kutosha", upelekwe bungeni Dodoma sio kwa diwani, na upelekwe ukiwa umefungwa pamoja na kifungu cha bajeti, la sivyo tutapata wilaya inayosema hazijashuka.

Kuna watakaosema pedi za kufua zingemaliza yote. Kwa nyumba yenye maji na kamba ya kuanikia isiyo mbele ya watu wote, ndiyo, ni nafuu sana na zinakaa muda. Kwa binti wa bweni anayepata ndoo moja, muulizeni kwanza. Scotland waliuliza, ni sheria kwao kuuliza, na hicho ni kitu cha bure ambacho tunaweza kuiga leo mchana.

Kwenye barua yetu nimebakiza nafasi mbili. Ya kwanza ni jina la mwalimu na namba yake itakayobandikwa ukutani. Nimemwuliza madam wa biolojia akasema weka langu, ila akauliza siku akiwa hayupo? Kwa hiyo nafasi ya pili ni jina la msaidizi wake, na kikao cha Jumamosi hakitafungwa mpaka lijazwe, mwenyekiti umesoma hapa.